Gumzo la Majirani wa Jengo Letu, Eastleigh, Aprili 2014

*Jumamosi, 5 Aprili 2014*

Mama Ibra, saa 12:10 asubuhi
Asalaam aleikum, majirani. Naomba radhi kwa kuwaamsha mapema. Usiku wa kuamkia leo, yapata saa nane, askari walivunja kitasa cha mlango wetu kabla hata sijajitanda. Wamemchukua mkazamwana wangu pamoja na binamu yake aliyekuja kutoka Garissa kununua bidhaa. Mkazamwana wangu alizaliwa hapa Nairobi. Kitambulisho chake bado hakijatoka, lakini aliwaonyesha karatasi ya kusubiria, na askari mmoja akaikunja na kuitia mfukoni, akisema kwamba karatasi kama hiyo hununuliwa barabarani. Mtoto wake wa miezi minane ameachwa mikononi mwangu. Aliyeona lori limeelekea wapi, tafadhali aniambie.

Mama Njeri, saa 12:18 asubuhi
Pole sana, Mama Ibra. Nilichungulia dirishani nikaona malori mawili yakishika Barabara ya Juja. Nilikusikia ukilia, na sikufungua mlango, kwa sababu mume wangu alinishika mkono akaniambia kwamba atakayetoka nje atabebwa naye. Jambo hilo halijanitoka moyoni tangu alfajiri. Mlete mtoto kwangu. Wangu bado ananyonya, na maziwa yapo ya kuwatosha wote wawili.

Mama Ibra, saa 12:25 asubuhi
Mwenyezi Mungu akulipe, Mama Njeri. Akinyonya kwako atakuwa ndugu wa mwanao kwa maziwa, nami naliridhia hilo kwa moyo wote. Nakuja sasa hivi.

Baba Atieno, saa 1:02 asubuhi
Mama Ibra, pole kwa yaliyokupata, na nasema pole hiyo kwa dhati. Hata hivyo sitakuwa mkweli nikinyamaza. Jumatatu iliyopita watu sita waliuawa kwa maguruneti hapa hapa Eastleigh, wakiwa mahali pa kula. Wiki moja kabla ya hapo, waumini walipigwa risasi kanisani Likoni, Mombasa, wakiwa katika ibada ya Jumapili. Mwaka jana ilikuwa jengo la maduka la Westgate, watu 67. Mnamo Novemba 2012 dada yangu alikuwa ndani ya matatu iliyolipuliwa hapa mtaani, na mpaka leo sikio lake la kushoto halisikii. Serikali isipofanya lolote tunailaumu, na ikifanya tunailaumu vilevile. Asiye na hatia atakaguliwa na kuachiliwa. Mimi nauunga mkono msako huu.

Mwalimu wa ghorofa ya nne, saa 1:30 asubuhi
Baba Atieno, uchungu wako wa dada yako tunaujua, na hakuna katika kikundi hiki anayetaka wauaji wasitafutwe. Ninachouliza ni kama hivi ndivyo wanavyotafutwa. Ibara ya 49 ya Katiba inasema kwamba aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au, saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, siku inayofuata ya mahakama. Ibara hiyo haisemi kwamba kabila fulani litaondolewa katika hesabu. Tena, ile amri ya mwisho wa Machi ya kuwataka wakimbizi wote wa mijini warudi katika kambi za Dadaab na Kakuma inafanana na amri ya Desemba 2012, na tarehe 26 Julai mwaka jana Mahakama Kuu iliibatilisha ile ya kwanza kwa sababu inavunja haki na heshima ya watu waliokwisha kujenga maisha yao mjini. Serikali iliyoshindwa mahakamani mwezi Julai haikupaswa kurudi mwezi Machi na amri ile ile.

Baba Atieno, saa 1:41 asubuhi
Mwalimu, Katiba haikumkinga dada yangu.

Mwalimu wa ghorofa ya nne, saa 1:44 asubuhi
Ni kweli, haikumkinga. Lakini mkazamwana wa Mama Ibra siye aliyemdhuru.

*Jumapili, 6 Aprili 2014*

Kijana wa M-Pesa, saa 3:15 asubuhi
Shikamooni wazee. Nimezunguka na Ibra katika vituo vitatu tangu jana. Tumempata binamu, lakini mke wa Ibra bado. Katika kituo kimojawapo, ambacho nisingependa kukitaja hapa, watu wamejazwa seli hadi wanalala kwa zamu, na nje ya ukuta kuna akina mama zaidi ya ninaoweza kuwahesabu, kila mmoja na mfuko wa plastiki wenye chapati na chupa ya maji. Mtu mmoja alituita pembeni akataka shilingi elfu kumi ili binamu atoke. Ibra alikuwa na elfu nne. Akaambiwa aende akazitafute zilizobaki, kama vile anadaiwa kodi ya nyumba.

Mama Njeri, saa 3:20 asubuhi
Mungu wangu. Na ana kitambulisho?

Kijana wa M-Pesa, saa 3:22 asubuhi
Anacho, cha Garissa, na jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Kosa lililotajwa ni kwamba hawezi kuthibitisha shughuli yake Nairobi. Nimeona wengine wakitolewa kwa elfu tano, wengine kwa ishirini. Mwenye hatia na asiye na hatia wametoka kwa mlango mmoja, wakiwa wamelipa.

Baba Atieno, saa 4:05 asubuhi
Hilo la pesa silikubali hata kidogo. Ikiwa mwenye guruneti anaweza kutoka kwa elfu ishirini, basi dada yangu hajatetewa na mtu yeyote.

Mzee Hajj, saa 5:40 asubuhi
Wanangu, nimesoma yote, na nimesita kuandika kwa sababu mkono wangu ni mzito na habari yenyewe ni nzito zaidi. Mimi ni mtu wa Wajir. Mwaka 1989 serikali ilitutaka sisi Wakenya wa asili ya Kisomali tujitokeze mbele ya kamati za wazee, kila mtu ataje baba, babu na ukoo, na aliyekubaliwa akapewa kadi ya rangi ya waridi aitembeze pamoja na kitambulisho chake. Wakati huo nilikuwa nimeitumikia serikali hiyo hiyo miaka kumi na miwili. Hakuna Mkenya wa kabila lingine aliyetakiwa kuonyesha kadi ya pili ili aaminiwe ile ya kwanza.

Kabla ya hapo, mwezi Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakalazwa juani bila maji siku baada ya siku. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, nami sitaibishania hapa. Kisa hicho kimo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ambayo Rais alikabidhiwa Mei mwaka jana, kwa hiyo si hadithi za wazee wa barazani. Sisemi kwamba yanayotendeka wiki hii ni yale yale. Nasema kwamba aliyewahi kumtafuta ndugu yake kiwanjani hawezi kusikia ya kwamba watu wanakusanywa uwanjani kisha akapata usingizi. Mlipoambiwa kwamba waliokamatwa wanapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani, ninyi vijana mlikumbuka mpira. Mimi mwenyewe nilikaa Kasarani mwaka 1987 katika Michezo ya Afrika nzima, nikiwa na mwanangu mabegani, tukiipigia Kenya makofi.

Mama Ibra, saa 5:52 asubuhi
Hajj, nami nimepata habari sasa hivi. Yuko Kasarani.

*Jumatano, 9 Aprili 2014*

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, saa 2:10 asubuhi
Majirani, nawasalimu. Kuna jambo ambalo sina budi kuliweka wazi mbele ya kila mmoja wenu, kwa sababu nikilibeba peke yangu nitakuwa nimewasaliti. Jana jioni niliitwa, na nikaagizwa niandike orodha ya milango yote ya jengo hili yenye wageni, nikieleza ni watu wangapi wanalala ndani na wanazungumza lugha gani. Nilipouliza maana ya mgeni, nikajibiwa kwamba mimi mwenyewe najua. Mpango wa Nyumba Kumi ulipoanza mwaka jana niliukubali nikidhani kwamba nitakuwa najua ni nani mgonjwa, ni nani amefiwa na ni mtoto wa nani amepotea. Orodha inatakiwa Ijumaa.

Mwalimu wa ghorofa ya nne, saa 2:16 asubuhi
Asante kwa kutueleza, Mwenyekiti. Wengi wangeiandika na kukaa kimya.

Mama Njeri, saa 2:31 asubuhi
Kwa maoni yangu mlango wa kwanza katika orodha hiyo uwe wangu. Sasa hivi ninao watoto wawili, na mmoja wao mama yake yuko uwanjani.

Kijana wa M-Pesa, saa 2:50 asubuhi
Huku barabarani First Avenue imekuwa kama siku ya mazishi. Wateja waliokuwa wakitoka Uganda na Tanzania kununua nguo kwa jumla hawaji, na maduka mengi hayafunguliwi kabla ya mchana. Wateja wangu wanaweka pesa kwenye simu kwa haraka na kuondoka, kwa sababu kila mtu anabakiza akiba ya kujitoa au kumtoa nduguye. Katika redio niliyokuwa nikisikiliza asubuhi, wapigaji simu wanne kati ya watano walisema Wasomali wote warudishwe kwao. Mmoja alitoka Umoja, na alisema kwa sauti ya upole kabisa, kama anayeagiza chai. Mtandaoni, kwa upande mwingine, kuna Wakenya wanaoulinganisha uwanja wa Kasarani na kambi za mateso, na baadhi yao si Wasomali wala si Waislamu.

Baba Atieno, saa 3:40 asubuhi
Nilikuwa miongoni mwa wanaofikiri kama yule wa Umoja, na nataka mlisome hili likiwa limeandikwa na mimi mwenyewe. Mnakumbuka Novemba 2012, siku ile matatu ilipolipuliwa na kesho yake vijana wakatoka na mawe kuvunja maduka ya Wasomali. Mimi sikurusha jiwe. Nilisimama kwenye ngazi za jengo hili nikawatazama wakirusha, na nilihisi kwamba kuna haki inayotendeka kwa ajili ya dada yangu. Tangu siku ile hakuna aliyekuja kuniambia ni nani aliyeiweka bomu ile. Walioumizwa na mawe nawafahamu kwa majina, na mmoja ndiye tuliyekuwa tukinunua kwake sukari kwa deni.

Bado nataka msako. Nataka wachunguzi waje na majina, waje mchana, wabishe hodi. Lakini wamekwisha kushika maelfu, na bado sijasikia kwamba aliyerusha guruneti la Jumatatu ile yumo. Aliyejua kitu na kutaka kukisema amekwisha kuvunjiwa mlango, na sidhani kwamba atasema tena. Mwenyekiti, mimi sitaonyesha mlango wa mtu.

Mama Ibra, saa 3:55 asubuhi
Baba Atieno, siku ile ya mawe nilikuona pale kwenye ngazi. Sikuwahi kukuambia. Mwambie dada yako kwamba namwombea katika kila sala.

Mzee Hajj, saa 1:20 usiku
Serikali imetangaza leo kwamba watu 82 wamepandishwa ndege hadi Mogadishu. Mama Ibra, usiwe na hofu kabla hatujapata jina. Nimezungumza na mtu anayejua wakili, naye anasema tuandae cheti cha kuzaliwa, cheti cha kliniki cha mtoto na cheti cha shule ya msingi. Vyote vipelekwe vikiwa halisi, na nakala zibaki nyumbani, tena kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Mama Ibra, saa 1:33 usiku
Hajj, nina mshipi tumboni unaokaza kila nikisikia ndege. Tuko njia ya ndege za Wilson na za jeshi, zinapita hapa mchana kutwa.

*Alhamisi, 10 Aprili 2014*

Mwalimu wa ghorofa ya nne, saa 12:45 jioni
Tumerudi kutoka Kasarani sasa hivi, mimi, Ibra na Baba Atieno. Nitaeleza kwa mpangilio kwa ajili ya walioko kazini. Tulifika lango la uwanja saa nne. Jamaa hawaruhusiwi kuingia, na mawakili tuliowakuta walikuwa wamesimama nje kama sisi. Serikali inasema kwamba uwanja umetangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Ikiwa ni kituo, basi sheria za kituo zinafanya kazi ndani yake, na mshikwa ana haki ya kuzungumza na wakili. Niliyasema hayo kwa adabu mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Wa tatu alikuwa kijana mdogo, akanijibu kwamba, mwalimu, hata mimi sijalala nyumbani tangu Ijumaa.

Vyeti vilipokelewa baada ya Baba Atieno kutoa kitambulisho chake na kuandika kwa mkono wake kwamba amekuwa jirani wa binti huyu miaka tisa. Jina lake la Kiluo lilisomwa mara mbili, kisha akaulizwa kwa nini anajisumbua.

Baba Atieno, saa 12:58 jioni
Nilimjibu kwamba mtoto ananyonya kwa jirani. Sikuwa na jibu lingine lililo tayari.

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, saa 1:10 usiku
Kesho ni Ijumaa. Nimeandika karatasi moja yenye milango yote ishirini na minne ya jengo hili, kuanzia wangu, na mbele ya kila mlango nimeandika neno moja, «jirani». Nitaikabidhi mwenyewe, na kama itakataliwa nitawaambia. Anayetaka mlango wake uondolewe anitumie ujumbe kabla ya saa tatu usiku.

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, saa 3:04 usiku
Hakuna aliyetuma.

Mama Ibra, saa 3:15 usiku
Ibra alimpelekea mkewe maji, kanga na pampu ya maziwa, kwa kuwa siku ya sita hii matiti lazima yanamuuma. Vilichukuliwa langoni na kuwekwa juu ya rundo la mifuko mingine. Hatujui kama vimemfikia. Jina lake Ibra ameliandika kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili za mfuko.

Mama Njeri, saa 3:22 usiku
Mtoto amelala, wala usije kumchukua. Usiku huu sijaufunga mlango wangu kwa komeo, Mama Ibra. Ukisikia kishindo chochote, shuka moja kwa moja.