Tupeane uzoefu: chanjo za watoto zilizo nje ya ratiba ya taifa

Wazazi wenzangu, nawasalimu. Chanjo za kliniki tunazifahamu, kuanzia BCG, yaani ya kifua kikuu, mtoto anapozaliwa hadi surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Ninaomba tuzungumzie zile zisizomo katika ratiba ya Tanzania, ambazo mzazi huzilipia hospitali binafsi, kama vile ya tetekuwanga, ya matumbwitumbwi na ya homa ya ini aina ya A. Tetekuwanga ilipoingia darasa la awali la mwanangu, mama mkwe alisema kwamba kila mtoto sharti aiugue, aogeshwe maji ya mwarobaini, yaishe; naye mume wangu akauliza, kama chanjo hiyo ina maana, kwa nini Serikali haiitoi bure? Swali hilo ninalisikia kwa wengi, nami sikubaliani nalo, kwa sababu hata chanjo ya nimonia na ile ya kuhara kwa virusi vya rota zilikuwa nje ya ratiba yetu hadi mwaka 2013. Serikali hupima fedha iliyopo na uzito wa ugonjwa kwa taifa zima, na chanjo inayobaki nje haikosi kazi kwa sababu hiyo. Wetu tulimchanja. Ninyi mliamuaje, na nani aliwaeleza?

Mama wa wawili, Mwanza: Hakuna aliyenieleza. Muuguzi wetu ana subira, lakini foleni ya akina mama humsubiri tangu asubuhi na mapema, naye hukamilisha yaliyomo kwenye kadi. Niliuliza mwenyewe kuhusu homa ya ini aina ya A, na daktari hakunificha kwamba watoto wadogo wengi huipata bila dalili kubwa. Tumeamua kusubiri.

Baba, Nairobi: Dada, mume wako hayuko peke yake. Tulipolipia chanjo ya homa ya matumbo, majirani walisema ni biashara ya hospitali. Julai 2025 Serikali ya Kenya ikaitoa bure kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, na baadhi ya majirani hao hao wakaikataa, wakihofu kwamba cha bure kina jambo lililofichwa nyuma yake. Kwa maoni yangu bei ni sehemu tu ya tatizo. Wazazi hawa hawajapata mhudumu wa afya wa kuketi nao na kuyajibu maswali yao.

Bibi, Tanga: Kadi ya kliniki haina nafasi ya chanjo hizi, kwa hiyo mwombeni muuguzi aandike jina la chanjo, tarehe na namba ya toleo (ile iliyoandikwa kwenye kichupa cha chanjo) kwenye ukurasa wa mwisho, kisha agonge muhuri. Mwambieni pia kama mtoto amechanjwa surua karibuni, maana hiyo na ya tetekuwanga, zisipotolewa siku moja, hupishana kwa wiki 4 au zaidi.