GX110 ya 1G-FE: niiwekee turbo, nipandishe 1JZ-GTE au niache ilivyo?

Kibaha_Sita
Wakuu, habari za jioni. Nina Mark II GX110, injini 1G-FE ya lita 2, otomatiki. Gari halinisumbui, ila mwezi uliopita kwenye mlima Kitonga nikiwa na watu wanne na mizigo, Noah imenipita kama nimeegesha. Nimekusanya milioni 6. Fundi mmoja anasema ataifunga turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, injini hii hii, kazi ya siku nne. Wa pili anasema niitoe, nipandishe 1JZ-GTE, injini nyingine ya Toyota iliyotoka na turbo kiwandani. Shemeji anashauri nibadilishe eksozi na filta ya hewa tu. Gari ndilo la kazini na ndilo linalompeleka mama kliniki, sitaki kulala njiani. Aliyepita huko aseme.

Oili_Nyeusi
Eksozi na filta utapata sauti. Hiyo 1G-FE ya VVT-i (inayobadilisha yenyewe muda wa valvu kufunguka) ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160, ukiongeza watano mshukuru Mungu. Mlima haupandwi kwa sauti.

Subaru_Damu
Uza hiyo, chukua Forester ya turbo. Umemaliza.

Mama_Spana
@Subaru_Damu si wewe juzi ulikuwa unaulizia bei ya gasketi ya silinda hedi?

Mdogo wangu Kibaha, turbo juu ya 1G-FE usikubali kirahisi. Kompresheni yake ni 10 kwa 1. Hewa inaingia yenyewe na pistoni inaibana mara kumi, hapo injini iko sawa. Sasa turbo inaisukuma hewa ikiwa tayari imebanwa, tena ya moto, halafu pistoni inaibana mara kumi nyingine. Petroli inaripuka kabla ya zamu yake. Ukiwa ndani ya gari unasikia mlio mdogo kama kokoto kwenye kopo, wengi wanaongeza sauti ya redio.

Nimewahi kuifungua moja ya hivyo. Pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka pale katikati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kile kipande kilikuwa kimeshachora silinda kutoka juu hadi chini. Mwenye gari aliniambia "ilikuwa inakula oili kidogo tu."

Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye ukoo huu wa 1G walitengeneza 1G-GTE, na kompresheni wakaishusha chini ya 9. Hawakuchukua ya kawaida wakaibandika turbo. Anayekuambia siku nne muulize mawili. Kontrol boksi, kompyuta ya injini, nani ataiprogramu upya? Na mchanganyiko wa hewa na petroli ataupima na nini wakati turbo inasukuma? Ukiendesha taratibu unataka karibu 14.7 kwa 1. Turbo ikisukuma unataka petroli zaidi, kama 11.5 hadi 12, na noze za 1G-FE hazikutengenezewa kazi hiyo. Bila sensa ya waidibendi, inayopima mchanganyiko huo kwenye eksozi, anakisia. Akikujibu "nasikiliza kwa sikio," chukua ufunguo wako uondoke.

Kibaha_Sita
Dada nashukuru. Nilimuuliza kwa simu sasa hivi. Amesema atasikiliza kwa sikio 😅

Nai_JZ
Mimi niko Nairobi, 1JZ-GTE iko kwa gari yangu mwaka wa tatu. Nitakuambia uzuri na ubaya.

Uzuri: bloku ni ya chuma cha kalibu, na Japani iliuzwa ikiandikwa farasi 280. Kuanzia 1996 walitoa ile ya VVT-i yenye turbo moja, nguvu inaanza kutoka chini kabisa, na hiyo ndiyo unataka mlimani. Bodi ya GX110 na JZX110, Mark II iliyotoka na injini za JZ, ni moja, kwa hivyo maunti za JZX110 za kushikilia injini zinakaa bila kuchomelea. Pia huku juu, karibu mita 1,700, injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Yenye turbo haisikii sana.

Ubaya: injini ya mwisho ya aina hii ilitengenezwa 2007. Hakuna mpya. Unanunua ya mtumba, na maneno ya muuzaji si kipimo. Mimi ya kwanza nilichukua ile ya zamani ya turbo mbili aina ya CT12A, nikaipandisha presha ya turbo hadi baa 1.2 kwa sababu rafiki alipandisha yake. Feni za upande wa eksozi ni za kauri, kama kikombe cha chai. Moja ilivunjika nikiwa barabarani. Moshi mweupe, nguvu zikaisha, nikarudi nyumbani juu ya breki dauni. Sasa natumia ya VVT-i kwa presha ya kiwandani na sijafungua boneti isipokuwa kubadilisha oili.

Na usihesabu injini peke yake. Ichukue na giaboksi yake, waya zote na kontrol boksi. Kisha rejeta kubwa, pampu ya petroli, taiming belti mpya kabla hata haijaingia. Breki za 1G hazikutengenezewa hizo nguvu. Namba ya injini pia itabadilika, huku Kenya hilo ni la NTSA, mamlaka ya usafiri.

Mama_Spana
Kwetu Tanzania ni TRA, mamlaka ya mapato, kadi ya gari inaandikwa namba ya injini. Na bima waambie mapema.

Oili_Nyeusi
Kabla ya yote hayo, umeshapima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana hewa, ya injini uliyonayo? 160 za kiwandani unazo kweli, au ziliishia kwa mwenye gari wa kwanza?

Kibaha_Sita
Wakuu nimerudi, ilikuwa Jumamosi. Tumetoa plagi zote, injini ikiwa ya moto. Silinda tano kati ya sita zimesoma kati ya psi 165 na 172. Silinda namba tano imesoma 118.

Mama_Spana
Tia oili kijiko kimoja ndani ya hiyo namba tano, upime tena.

Kibaha_Sita
Imepanda hadi 150.

Mama_Spana
Basi zaidi ni ringi za pistoni: oili imezisaidia kuziba, ingekuwa valvu isingepanda hivyo. Ulipopitwa Kitonga ulikuwa na silinda tano na kibarua mmoja.

Nai_JZ
Huyo fundi wa siku nne angefunga turbo juu ya hiyo.

Kibaha_Sita
Hakupima hata plagi. Dada, kuifungua hii na kubadilisha ringi zote sita na gasketi ni siku ngapi?

Mama_Spana
Ilete Jumatatu asubuhi. Silinda ikiwa imechimbika nitakupigia kabla sijagusa kitu kingine, hapo ndipo tutazungumza habari za 1JZ.