Mjadala: Kama silinda mbili sambamba zinapiga mdundo uleule, V imebakiwa na nini?

Wadau wa pikipiki, kuna ubishi usiokwisha: eti injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa V ina roho, ila ile ya silinda mbili sambamba ni ya watu wanaobana matumizi. Nauweka msimamo wangu mezani mapema ili anayetaka kunirarua aanze. Sehemu kubwa ya hicho mnachokiita roho haitoki kwenye V. Inatoka kwenye muda unaopita kati ya mlipuko mmoja na unaofuata, na muda huo unaamuliwa na namna krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ilivyochongwa.

Injini ya mipigo minne humaliza duru yake kwa mizunguko miwili ya krenki, yaani digrii 720. Kwenye V ya digrii 90, kama zile za Ducati, silinda ya pili hulipuka digrii 270 baada ya ya kwanza, halafu zinapita digrii 450 bila kitu. Hapo ndipo unapopatikana ule mdundo wa kuchechemea ambao watu wanaulipia pesa nyingi. Sasa chukua silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, uzipe krenki ambayo pini zake, pale pistoni zinaposhikia, zimepishana digrii 270. Milipuko inakuja kwa 270 na 450. Hakuna tofauti hata ya digrii moja. Yamaha walilifanya hilo kwenye TRX850 ya mwaka 1995, wakalirudia kwenye MT-07 ya 2014. BMW waliiacha krenki ya 360 ya F800GS wakahamia 270 kwenye F850GS. Suzuki, waliotuuzia SV650 ya V tangu 1999, walipoleta GSX-8S mwaka 2023 walikuja na silinda mbili sambamba, krenki 270.

Walionichekesha ni KTM. V yao ilikuwa ya digrii 75, si 90. Basi walipotengeneza 790 Duke ya 2018 yenye silinda sambamba, krenki wakaipisha digrii 75 ili milipuko ifuate ile ya V yao. Kiwanda kinachoamini kwamba roho imo kwenye umbo la V kisingejisumbua kiasi hicho.

Tazama pia upande wa pili. Umbo moja la silinda mbili sambamba limetoa tabia tatu. Triumph Speed Twin ya 1937 ilikuwa na krenki ya 360: pistoni zinapanda na kushuka pamoja, milipuko imeachana sawasawa, mtetemo mkali kama wa silinda moja kubwa. Kawasaki kwenye 650 zao wanatumia 180: pistoni moja juu, nyingine chini, milipuko inafuatana kwa 180 kisha inanyamaza kwa 540, na injini inapenda kupaa kwenye mizunguko ya juu. Ya tatu ndiyo hii ya 270. Kama umbo ndilo linaloamua tabia, hizi tatu zingefanana.

Sasa hoja za wapinzani. Mbili ni nzito, moja ni porojo, nianze na porojo: "V ina torki zaidi." Torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, kwa injini isiyo na turbo hufuata sana ujazo wake, na idadi au mpangilio wa silinda huja nyuma sana. MT-07, silinda mbili, cc 689, ilitoka na Nm 68 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Yamaha R6, silinda nne, cc 599, inatoa karibu Nm 62 kwenye 10,500. Gawanya kwa lita: zote mbili zinacheza kwenye Nm 100. Kinachotofautiana ni mahali torki hiyo inapokaa. R6 ina pistoni ndogo zinazosafiri mwendo mfupi, kwa hiyo inaweza kuzunguka kasi bila kujivunja, na torki ileile ikizungushwa mara nyingi zaidi kwa dakika ndiyo inayozaa nguvu za farasi karibu 118 dhidi ya karibu 75 za mwenzake. Anayesema injini ya silinda nne "haina nguvu chini" kwenye mizunguko michache anamaanisha kamshafti (mhimili unaofungua vali) na vali zimepangiwa kazi ya mizunguko ya juu. Mafundi wakizipanga kwa ajili ya chini, nne itavuta chini.

Hoja nzito ya kwanza, nami naikubali nusu: injini ya boksa ya BMW. Pistoni zake mbili zinalala zikitazamana, na milipuko yake imeachana kwa digrii 360, sawa kabisa na ile Triumph ya zamani. Kama mlipuko ndio kila kitu, boksa ingehisika kama Triumph ya 1937. Haihisiki hivyo hata kidogo. Pistoni zinaachana na kukutana kwa wakati mmoja, kwa hiyo nguvu ya moja inaifuta ya nyingine, na mtetemo unabaki mdogo. Tena krenki yake imelala kufuata urefu wa pikipiki, ukipiga resi ukiwa umesimama mwili mzima wa pikipiki unajipinda ubavuni. Moto Guzzi nao ni hivyohivyo: V ya digrii 90 yenye milipuko ya 270 na 450 kama ya Ducati, lakini kwa kuwa krenki imelazwa kwa urefu, hakuna anayepanda zote mbili akazichanganya. Kwa hiyo narekebisha kidogo: masikio na tairi la nyuma vinasoma milipuko, mikono na makalio vinasoma uzito unaokwenda na kurudi ndani ya injini.

Hapo ndipo mtetezi wa V anapopata pumzi. V ya 90 inaweza kufuta mtetemo wake mkubwa kwa uzito uliowekwa kwenye krenki yenyewe. Sambamba ya 270 haiwezi, inahitaji shafti ya kusawazisha, na shafti ni uzito na msuguano. Sawa. Lakini mnasahau kusema kwamba mtetemo mdogo wa pili, ule unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko, 270 inaufuta na V ya 90 inabaki nao. Tena V inadai vichwa viwili vya silinda, kamshafti za pande mbili, na silinda ya nyuma inayokupikia mapaja kwenye foleni.

Hoja nzito ya pili ni mbio, na hii ndiyo inayonisumbua. Inanipa mkono kwanza: Honda NSR500, pikipiki ya mashindano, ilikuwa V4 (silinda nne kwa umbo la V) kabla na baada ya 1992, ila mwaka huo wakaisogeza milipuko yote karibukaribu, na pikipiki ikabadilika tabia bila umbo kuguswa. Yamaha R1 ya 2009 ni silinda nne kwa mstari yenye milipuko ya V4: 270, 180, 90, 180. Sababu yao ilikuwa ya maana: kwenye krenki ya kawaida pistoni zote nne husimama na kuanza upya kwa pamoja, na misukosuko ya uzito wake inafunika mlipuko wenyewe, mpandaji asijue tairi linapewa nini. Halafu Mick Doohan, mpandaji wa Honda, akairudia krenki ya zamani ya NSR500, ile yenye milipuko iliyoachana, mwaka 1997, akashinda mbio 12 na ubingwa juu, jambo linalowapasua kichwa wanaodai mlipuko wa pamoja ni lazima kwa mshiko.

Kinachonikwaza ni Yamaha wenyewe. Walichukua ubingwa wa MotoGP, mbio kuu za pikipiki duniani, mwaka 2021 kwa injini ya mstari iliyokuwa na milipuko ya V4 tayari, na bado mwaka 2025 wakaipeleka V4 kamili mashindanoni. Mdundo walikuwa nao, kwa hiyo walichokifuata ni kingine: wembamba, krenki fupi, nafasi ya kupanga uzito na kupitisha hewa. Hivyo ni vitu vya umbo.

Basi mnaoitetea V, nijibuni hapa. Kwa pikipiki ya barabarani chini ya cc 1,000, tukiuweka pembeni wembamba ambao kwa silinda mbili tu si mkubwa wa kutikisa mtu, inakupa nini ambacho 270 haikupi? Sauti sitaipokea mpaka mnieleze ni kiasi gani kinatoka kwenye injini na kiasi gani ni bomba la moshi mlilobadilisha.