Nina F ya Hisabati: naweza kusoma uuguzi Dodoma, na ajira ya kwanza hupatikanaje?

Binti wa Mvumi

Shikamooni wakubwa wangu, na habari zenu wenzangu.

Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya kata wilayani Chamwino na matokeo yangu ni haya: Kiswahili B, Baiolojia C, Historia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Uraia D na Hisabati F. Ninataka kusoma uuguzi na ukunga. Bibi yangu aliwahi kulazwa karibu wiki mbili na alikuwa akikataa dawa, hadi muuguzi mmoja alipoanza kumweleza kila kidonge kwa Kigogo kabla ya kumpa. Tangu siku ile hakukataa tena. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikaona kwamba kazi ile ningeiweza.

Baba yuko tayari kuuza ng'ombe wawili ili nianze mwaka wa kwanza, lakini ana mashaka, nami siwezi kumlaumu. Binamu yangu alihitimu stashahada ya uuguzi miaka miwili iliyopita na mpaka leo yuko nyumbani, anamsaidia shangazi dukani. Baba anauliza kama anauza mifugo ili apate mtoto wa pili wa kukaa dukani.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, je, F ya Hisabati inanizuia, na nirudie mtihani kabla ya kuomba chuo? Pili, waliopata kazi ya kwanza waliipataje, na wanaobaki nyumbani wanakwama wapi?

Muuguzi wa Zahanati

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi katika zahanati moja ya wilaya ya Bahi, na kabla ya kupangiwa hapa nilikaa bila ajira ya Serikali kwa muda unaokaribia ule wa binamu yako, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe.

Kuhusu sifa, hujazuiliwa. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inamtaka mwombaji awe na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hayo yote unayo. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza yenye faida pale waombaji wanapogombania nafasi chache. Mafunzo ni ya miaka mitatu, ngazi ya nne hadi ya sita za elimu ya ufundi (NTA), na maombi ya kozi za afya hupitia mfumo wa udahili wa NACTVET, baraza la Taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kwenye mtandao.

Hata hivyo, ningekuwa dada yako wa tumbo moja ningekushauri uirudie Hisabati hiyo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na uirudie mapema, kwa sababu mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na ukishaanza chuo utakukuta darasani au wodini. Sababu ya kwanza ni ya baadaye, ukitaka kuendelea na shahada, na ataieleza vizuri zaidi aliyeisoma. Sababu ya pili ni ya wodini kabisa. Daktari akiandika kwamba mgonjwa apewe lita moja ya maji ya dripu kwa saa nane, na mpira ulio nao unatoa matone 20 kwa kila mililita, ni wewe utakayekokotoa kwamba matone 20,000 yagawanywe kwa dakika 480, yaani kama matone 42 kwa dakika, kisha usimame na saa yako uyahesabu. Mtoto mchanga anapewa dawa kwa kipimo cha uzito wake, na nukta ikikosewa mahali pake, dawa inazidi mara kumi. Hisabati ya kidato cha nne inayohitajika hapo si ngumu, ila haitaki kubahatisha.

Sasa nije kwa binamu yako, kwa kuwa ndiye anayemtia baba mashaka. Muulize swali moja tu: ana leseni? Wengi hudhani kwamba cheti cha chuo ndicho kinachomfanya mtu awe muuguzi. Chuo kinakupa stashahada, lakini ruhusa ya kumgusa mgonjwa kama muuguzi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na ili uipate ni lazima ufanye mtihani wa Baraza, usajiliwe, kisha upewe leseni ambayo nayo huhuishwa. Matangazo ya kazi, ya Serikali na ya binafsi, humtaka mwombaji mwenye usajili na leseni hai. Darasani kwetu walikuwapo waliohitimu na alama nzuri kuliko zangu, wakarudi nyumbani wakapumzike kwanza, wakaukosa mtihani wa karibu, na walipokuja kuukaa walikuwa wamesahau nusu ya ukunga. Mimi niliufanya nikiwa bado na harufu ya wodi kwenye sare.

Nilipopata leseni sikusubiri tangazo la Serikali. Nilianza kujitolea katika hospitali moja, nikapewa posho iliyotosha nauli na chakula cha mchana, kisha nikaajiriwa kwa mkataba katika zahanati ya binafsi mjini. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Serikali, lakini nilikuwa ninazalisha, ninajaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi), ninatundika dripu na kuchoma sindano kila siku, na mikono haikulala. Kosa nililolifanya pale ndilo ninalotaka usilirudie. Mwenye zahanati aliniomba nimkabidhi vyeti vyangu halisi, akidai kwamba ndio utaratibu wa ofisi, nami nikampa. Nilipoitwa kwenye usaili wa Serikali ambako vyeti halisi vinatakiwa mkononi, alinizungusha siku tano, na nikavipata jioni ya kuamkia safari. Mwajiri anastahili kuviona vyeti vyako halisi na kubaki na nakala. Havitunzi yeye.

Mzazi wa Kongwa

Binti yangu, mwambie baba yako asiuze ng'ombe hata mmoja kabla ya kukihakiki chuo. Kila chuo cha afya kinachotambuliwa kina namba ya usajili ya NACTVET inayoanza na herufi REG/HAS, na orodha iko kwenye tovuti yao. Mimi nilimlipia kijana wangu ada ya muhula mzima katika chuo ambacho baadaye tuligundua kuwa hakikuwa na kibali cha kozi aliyokuwa akiisoma. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, na kozi unayoitaka kuidhinishwa ni jambo jingine. Vihakiki vyote viwili.

Pia asikupe ada peke yake akadhani amemaliza. Zipo sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde, kipima joto, bima ya afya, malazi unapopelekwa kwenye mazoezi mbali na chuo, pamoja na michango ya mitihani. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, lakini ni kwa kozi zilizotajwa kwa majina katika mwongozo wake. Usome mwongozo wa mwaka unaoomba, uitafute kozi yako kwa jina lake, na kama haimo mpange bajeti ya familia bila kuutegemea mkopo.

Na anayekuambia ana mtu wizarani wa kukuwekea jina, umkimbie. Kwa kuwa wizara ziko hapa Mtumba, matapeli wa Dodoma hupenda sana kuitumia sentensi hiyo.

Afisa Muuguzi, Dodoma Mjini

Habari mdogo wangu. Nilisoma stashahada kwanza, nikafanya kazi, ndipo nikaenda kusoma shahada, kwa hiyo nitaanza na lile la Hisabati alilolitaja mwenzangu. Vyuo vikuu vinapompokea mwenye stashahada kusomea shahada ya uuguzi huangalia GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, ambayo kwa kawaida inatakiwa isipungue 3.0, lakini pia hurudi nyuma kukitazama cheti chake cha kidato cha nne na kudai D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Nimewaona wauguzi wenye miaka kumi kazini, wazuri kabisa, wakirudi kukaa mtihani wa kidato cha nne pamoja na watoto wa rika la watoto wao kwa ajili ya F moja. Wewe una muda sasa.

Kuhusu chuo, usidhani kwamba ni lazima uende Dar es Salaam. Hapa katikati ya nchi ipo Mvumi kwenu, ambako chuo na hospitali viko pamoja, na kuna shule ya uuguzi Mirembe. Ukivuka kwenda Singida kuna Itigi. Ningekutazamisha jambo moja ambalo waombaji wengi hawaliulizi: wanafunzi wa chuo hicho hufanyia mazoezi wapi, na wodini wanakuwa wangapi kwa zamu? Mwanafunzi anayepigania kitanda kimoja cha kuzalishia na wenzake ishirini anahitimu akiwa amejaza kitabu cha vitendo kwa kuangalia. Hospitali ya misheni iliyo kijijini, yenye wajawazito wengi na watumishi wachache, itakuchosha, na itakufundisha. Na Kigogo chako usikione kidogo. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo D yako uifanyie kazi kila siku, lakini mama mzee wa Chamwino anapoeleza maumivu yake, muuguzi anayemwelewa moja kwa moja anapata historia ya ugonjwa ambayo mwingine ataikosa.

Sasa usaili. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hufanyika kwenye mfumo wao wa mtandao, Ajira Portal. Mwenye stashahada anaomba nafasi ya Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II. Mwenye shahada, ambaye baada ya miaka minne ya chuo hufanya pia mwaka mmoja wa mafunzo kazini, anaomba ya Afisa Muuguzi Daraja la II. Fungua akaunti yako mara tu unapopata leseni, ujaze kila kitu kwa utulivu, kwa maana madirisha ya maombi ni mafupi na siku ya mwisho mtandao hulemewa. Barua ya maombi lazima iwe imesainiwa. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki mahali pa cheti. Ukiitwa utapita usaili wa mchujo kwa maandishi, na watakaofaulu wataendelea na mahojiano, na kwa kada kama zetu unaweza kutakiwa kufanya kwa vitendo. Anayefaulu akakosa nafasi kwa wakati ule huingizwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa nafasi zinapopatikana, kwa hiyo asifunge simu wala kubadilisha namba.

Kinachowaangusha watu kabla hata ya kuulizwa swali la uuguzi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina Eliya, cha kidato cha nne kina Elia, kitambulisho cha NIDA kina jina la ukoo ambalo chuo hakikuliandika. Nilikuwa kwenye foleni ya uhakiki siku ambayo msichana mmoja, aliyesafiri usiku kucha kutoka mkoa wa mbali, alirudishwa mlangoni kwa sababu ya herufi moja na hakuwa na hati ya kiapo. Alikaa chini ukutani akaangua kilio, na hakuna aliyeweza kumsaidia kwa saa ile.

Binti wa Mvumi

Ahsanteni sana wakubwa wangu. Nimemsomea baba majibu yote jioni hii, na ya Mzazi wa Kongwa ameniomba niyarudie mara mbili. Binamu yangu nilimpigia simu: hakufanya mtihani wa Baraza. Anasema alidhani Baraza lingemwita. Sasa ameomba nimtumie maelezo haya.

Nimeamua kujiandikisha kurudia Hisabati, na wakati ninasubiri niombe ruhusa ya kusaidia usafi na mapokezi katika zahanati ya hapa. Ila Afisa Muuguzi amenishtua. Nimetoa vyeti vyangu sandukuni na nimekuta cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, na cha kidato cha nne kina matatu. Je, hili nalo ni tatizo, na nilishughulikie sasa au nikimaliza chuo?

Muuguzi wa Zahanati

Sasa, mdogo wangu, kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo. Chuo kitaandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, Baraza litafuata la chuo, na kila hatua utakayopita itaongeza karatasi za kurekebisha. Nenda na cheti hicho, pamoja na mzazi wako na kitambulisho chake, kwenye ofisi ya wilaya inayoshughulikia vizazi na vifo, uwaulize kama cheti cha kuzaliwa kinaweza kurekebishwa kifuate majina matatu ya shuleni. Wakikuambia haiwezekani, umwone wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina na uhakikishe imesajiliwa, maana isiyosajiliwa inaweza kukataliwa. Kama hujachukua kitambulisho cha NIDA, kisubirishe mpaka hilo liishe, ili kitoke na majina yale yale.

Binamu yako naye mwambie asione haya kwa miaka hiyo miwili. Atafute daftari zake za ukunga, awasiliane na Baraza kuhusu tarehe ya mtihani unaofuata, na kama atapenda kujisomea na mtu mwingine, mimi huwa mjini Jumamosi mbili kwa mwezi.