Vyombo viko Tabora, mimi niko Kigoma: havijibu kupitia VPN

Mwanga_Kgm
Wakuu, habari za kazi. Multimita ya mezani na pawa sapulai ziko maabara Tabora, zote zina tundu la LAN. Nikiwa palepale, Python na PyVISA (maktaba ya Python ya kuongea na vyombo vya vipimo) inazisoma bila shida. Nikiwa Kigoma naingia kwa VPN (njia ya faragha ya kufika mtandao wa maabara kupitia intaneti), rauta ya maabara naipata, ila vyombo hata ping (ombi la kujua kama kifaa kipo mtandaoni) havijibu. Anwani nimeziweka kwa mkono, 192.168.1.50 na .51.

Isevya_LAN
Mkuu, fungua menyu ya LAN kwenye chombo chenyewe, tazama mstari wa Gateway. Anayeweka anwani kwa mkono mara nyingi huuacha 0.0.0.0. Ndani ya maabara hutaona kasoro. Ombi likitoka mtandao mwingine, chombo kinalipokea ila hakijui jibu likapitie wapi. Andika hapo anwani ya rauta.

Halafu 192.168.1.x ndiyo inayotumiwa na rauta nyingi za nyumbani. Kama na yako ni hiyohiyo, kompyuta inaitafuta .50 humo humo nyumbani kwako. Hamishia maabara kwenye 192.168.77.x.

Mwanga_Kgm
Gateway ilikuwa 0.0.0.0 kweli. Ping inarudi sasa, asante sana. Ila TCPIP0::192.168.77.50::5025::SOCKET inaunganika, nikituma *IDN? (swali la kukitaka chombo kijitambulishe) naishia kwenye VI_ERROR_TMO, yaani muda wa kusubiri jibu umeisha.

Cheyo_Vipimo
Bila shaka kule maabara anwani yako iliishia na ::INSTR badala ya ::SOCKET. Hiyo hutambua yenyewe ujumbe umeishia wapi, lakini itifaki yake, VXI-11, huanzia poti 111 kisha huhamia nyingine, na rauta yenye ulinzi huikatalia. SOCKET ni poti moja tu, ila mwisho wa ujumbe lazima uutaje wewe:

chombo.read_termination = '\n'
chombo.write_termination = '\n'
chombo.timeout = 10000

Mstari wa tatu usiuruke. PyVISA husubiri milisekunde 2000 tu. Ukipima kwa NPLC 100 (kipimo kidumu mizunguko 100 ya umeme), kwa umeme wetu wa 50 Hz kipimo kimoja kinakula sekunde 2, na auto-zero (chombo kupima sifuri yake kila mara) ikiwa imewashwa ni mara mbili ya hapo. Ikikwama tena, tuma SYST:ERR?, chombo kikuambie kosa. Ukiona -410, umetuma amri mpya kabla ya kusoma jibu la kwanza. Ukiona -420, umeenda kusoma wakati hakuna swali lililokamilika. Poti nayo ihakikishe kwenye kitabu cha chombo. Rigol, kwa mfano, hutumia 5555.

Isevya_LAN
Naongezea la usalama. Poti 5025 usiifungulie intaneti moja kwa moja hata kwa siku moja. SCPI, lugha ya amri za vyombo hivi, haina nywila. Atakayeifikia anaweza kupandisha volti.

Na pawa sapulai usiiendeshe kwa programu iliyoko Kigoma. Mtandao ukikatika katikati ya jaribio, mzigo unabaki na volti ya mwisho uliyoituma. Weka Raspberry Pi (kompyuta ndogo) palepale maabara, programu izunguke humo ndani ya tmux (huiacha ikiendelea hata ukijitoa), wewe uingie kwa SSH (kuiendesha kompyuta hiyo ukiwa mbali) na kuchukua faili la matokeo. Umeme ukikatika na kurudi, programu isiendelee ilipoishia: ianze na OUTP OFF (kuzima volti inayotoka), kisha CURR kwa kikomo cha ampea, kisha VOLT, isome SYST:ERR? mpaka ipate 0, ndipo OUTP ON (kuiwasha).