Tupeane uzoefu: nafasi ya shafti za giaboksi ya pikipiki baada ya kupasua injini

Wakuu, habari za kazi. Niko Kahama, giaboksi za bodaboda ndiyo kazi yangu. Kuna ugonjwa unazidi kurudi gereji: injini imepasuliwa, beringi mpya, gia mpya, lakini boliti zikikazwa shafti, yaani mhimili unaobeba gia, inakuwa nzito kuzunguka. Au inatoka vizuri, halafu gia ya tatu inachomoka mtu akiwa na abiria mlimani. Wengi wanakimbilia kununua gia nyingine. Mimi naangalia kwanza nafasi, yaani shafti inacheza kiasi gani kwenda kushoto na kulia ikishafungiwa ndani.

Injini za mtindo wa Honda CG125 zinapasuka katikati kwa wima, kwa hiyo hata unene wa gasketi ya kati unaingia kwenye hesabu. Nimeletewa moja iliyofungwa kwa silikoni tupu, gasketi haipo. Shafti ilibanwa hadi haizunguki kwa mkono. Nilikata gasketi ya unene ule ule wa kiwandani, ikalegea pale pale. Wenzangu mnapimaje?

Fundi, Morogoro
Mkuu, umegusa penyewe. Kwangu mara nyingi ni washa. Ukichomoa shafti, ile washa nyembamba ya mwisho inanata kwa mafuta kwenye beringi ya zamani na kutupwa nayo. Hapo shafti inatembea, gia hazikutani sawasawa, meno ya kukamatia yanashika nchani tu. Mzigo ukija, gia inaruka, na meno yanaanza kulika mviringo. Siku hizi kila washa naitunga kwenye waya kwa mpangilio wake. Klipu nazo, zile pete za kuzuia gia zisitembee kwenye shafti, mpya kila mara, upande wa mviringo uelekee kule mzigo unakotoka, wenye makali uangalie upande wa pili.

Fundi, Nakuru
Mimi nilifunzwa na mzee wangu wa gereji niache nafasi ya kutosha, kwa sababu injini ikishika moto shafti inarefuka na kubana. Bado nafanya hivyo.

Mdau, Ujerumani
Kaka wa Nakuru, kwa heshima ya mzee wako, hapo naomba tupige hesabu. Shafti ni chuma, krankikesi, yaani ganda la injini, ni aluminiamu, na aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua beringi mbili zilizoachana milimita 100, joto lipande nyuzi 70: kesi inaizidi shafti kwa karibu milimita 0.08. Maana yake nafasi inaongezeka injini ikipata moto. Ukiiacha kubwa ikiwa baridi, itakuwa kubwa zaidi barabarani.

Huku nafungua pikipiki za BMW za zamani, R 80 na ndugu zake. Zile shafti tatu za giaboksi zinawekewa shimu, yaani washa nyembamba za kurekebisha nafasi, na nafasi haivuki milimita 0.1. Napima beringi imetokeza kiasi gani, napima kina cha kiti chake kwenye kifuniko, naongeza unene wa gasketi. Tofauti yake, ukitoa nafasi unayoitaka, ndiyo shimu. Kazi ya taratibu, lakini naipenda kuliko zote.

Fundi, Nakuru
Hiyo hesabu imenifungua macho, ahsante sana. Sasa sisi ambao hatuna kipimo cha kina?

Fundi, Kahama
Ndugu yangu, funga kwanza kwa majaribio: gasketi mpya, bila silikoni, boliti zote zikazwe kwa msalaba. Shafti ya spoketi inatokeza upande wa mnyororo, ya klachi upande wa pili, kwa hiyo zote unaweza kuzivuta na kuzisukuma. Gonga kila moja taratibu kwa nyundo ya plastiki ili beringi zikae, halafu zungusha ukiingiza gia zote. Ikizidi kuwa nzito kadiri unavyokaza, acha kukaza, fungua, hesabu washa. Dayo geji, ile saa ya kupimia mchezo, ya kuazima ikipatikana, iweke nchani mwa shafti uandike namba kabla ya kufunga moja kwa moja.

Fundi, Morogoro
Na uangalie kama kiti cha beringi kina mabaki ya gasketi ya zamani. Kipande kidogo tu kinakuharibia kipimo chote.