Naomba ushauri: gitaa la Ibanez la 1978, au bamba la namba limehamishwa?

Wakuu, gitaa ni Ibanez ya Japani, shingo imefungwa kwa skrubu nne, na bamba la chuma la nyuma, zinapopita skrubu hizo, lina namba H782146. Kwa mfumo wa namba wa Ibanez ulioanza 1975, H ni Agosti, 78 ni 1978, tarakimu nne za mwisho ni za uzalishaji. Sawa, lakini bamba hufunguliwa kwa bisibisi tu na kuhamia gitaa jingine, hivyo peke yake silihesabu ushahidi. Kinachonitia shaka: kivuli cha rangi pembeni hakilingani na umbo la bamba, na skrubu mbili ni mpya.

Nikitoa shingo, nitafute mhuri gani kwenye kisigino chake (mwisho unaoingia kwenye mwili wa gitaa)? Na kwenye nyaya za vifundo vya sauti, lehemu ya kiwandani naitofautishaje na iliyorudiwa? Mwenye picha za ndani za miaka hiyo aziweke, sijalegeza kitu bado.